Namba iliyomdanganya mtu mwenye akili

Watoto, mmekwisha kujifunza kuzidisha na kugawanya. Pengine mmoja wenu anafikiri: «Hesabu ni kazi ya mwalimu na ya mfanya biashara. Ndani yake hakuna habari ya kusimulia.» Leo tutasoma habari ya namba moja tu. Namba hii haina mdomo, lakini ilimdanganya mtu mwenye akili nyingi sana. Kwa muda wa miaka 92 hakuna aliyegundua kosa. Na mwisho ilishindwa kwa nini? Ilishindwa kwa kugawanya tu, kugawanya kule kule mnakofanya nyinyi ubaoni kila siku.

Namba yenyewe ni hii:

4.294.967.297

Isome polepole: miliari nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Kumbuka kwamba miliari moja ni milioni elfu moja.

Ni kubwa namna gani? Tuseme mtu anaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kila sekunde anataja namba moja. Halali, hali, hanywi. Siku moja ina sekunde 86.400. Kwa siku moja, basi, atafika 86.400 tu. Ili afike kwenye namba yetu atahitaji zaidi ya miaka 136. Atazeeka na kufa kabla ya kufika. Mtoto wake atapokea hesabu na kuendelea, kisha mjukuu wake. Ndiyo namba tunayotaka kuichunguza.

1. Maharagi juu ya meza

Chukua maharagi 12, uyapange juu ya meza kwa mistari iliyo sawa. Unaweza kupanga mistari 2 yenye maharagi 6, au mistari 3 yenye maharagi 4. Vizuri.

Sasa ongeza haragi moja. Unayo 13. Jaribu kuyapanga tena. Mistari miwili? Moja linazidi. Mistari mitatu? Moja linazidi. Mistari minne? Moja linazidi tena. Mistari mitano? Yanazidi matatu. Jaribu unavyotaka, hutaweza. Maharagi 13 yanakubali kukaa katika mstari mmoja mrefu tu.

Namba kama 13 inaitwa namba tasa. Namba tasa haigawanyiki kwa namba nyingine, isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Hizi ndizo za kwanza: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23. Namba 1 hatuihesabu kati yao.

Namba nyingine zote zimejengwa kwa namba tasa, kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Tazama:

12 = 2 × 2 × 3
30 = 2 × 3 × 5
100 = 2 × 2 × 5 × 5

Kwa namba ndogo, kutambua tasa ni kazi rahisi. Lakini angalia: namba yaweza kuwa na sura ya tasa, kumbe si tasa. Tazama 91. Mwisho wake ni 1, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Wengi wakiiona wanasema upesi: «Ni tasa.» Sivyo! 91 ni 7 × 13. Sura peke yake haitoshi. Inafaa kujaribu.

2. Ngazi ya ajabu

Sasa tupande ngazi. Anza na 2. Kila mara uizidishe namba kwa yenyewe.

2
2 × 2 = 4
4 × 4 = 16
16 × 16 = 256
256 × 256 = 65.536
65.536 × 65.536 = 4.294.967.296

Umeona jinsi namba zinavyokimbia? Kwa hatua tano tu tumetoka 2 tukafika miliari nne na zaidi. Sasa, juu ya kila namba ongeza 1:

3
5
17
257
65.537
4.294.967.297

Ya mwisho ni namba yetu. Sasa tazama zile za mbele yake. 3 ni tasa. 5 ni tasa. 17 ni tasa. 257 nayo ni tasa. Ukijaribu kuigawanya kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, kila mara kitu kinabaki. 65.537 nayo ni tasa. Namba tano zimefuatana, na zote tano ni tasa!

Je, ya sita itakuwa namna gani? Ungekuwa wewe, ungejibu nini?

3. Hakimu wa Toulouse

Katika nchi ya Ufaransa, katika mji wa Toulouse, alikuwako mtu jina lake Pierre de Fermat. Kazi yake ilikuwa ya sheria: alikuwa mshauri katika baraza kuu la hukumu. Hesabu haikuwa kazi ya kumpa mshahara. Alizifanya wakati wa kupumzika, kwa sababu alizipenda tu. Lakini aliona mambo ambayo wengine hawakuyaona, na hata leo jina lake linasomwa katika vyuo vikuu vya dunia yote.

Wakati ule watu wenye elimu waliandikiana barua. Huko Paris alikuwako mtawa mmoja, jina lake Marin Mersenne, aliyependa sana elimu ya namba. Watu wa nchi nyingi walimwandikia, naye aliwapasha wengine habari, hata chumba chake kikawa kama posta ya wenye elimu. Fermat alikuwa mmoja wa wale waliomwandikia.

Katika mwaka wa 1640 Fermat aliandika habari ya ngazi ile tuliyoipanda. Alisema kwamba anaamini namba zote za ngazi, ukiongeza 1, ni tasa: ile ya sita, ya saba, ya nane, hata bila mwisho. Hakuficha kwamba hana uthibitisho kamili. Alisema wazi kwamba bado hajaupata. Lakini aliamini, na hakuiacha imani yake hiyo.

Kwa nini aliamini? Kwa sababu tano za kwanza zilimkubalia. Usimcheke. Sisi nasi tunafanya vile vile. Mtu akiona kuku watano weupe katika kijiji, anafikiri kuku wote wa kijiji kile ni weupe. Lakini kuku wa sita bado hajatoka nje.

Fermat alikufa katika mwaka wa 1665. Namba yetu ikabaki na heshima yake, watu wakidhani kwamba ni tasa.

4. Tujaribu sisi

Sasa sisi wanafunzi tuishike namba hii tuijaribu. Hatutaogopa urefu wake. Tutatumia mambo tuliyofundishwa.

Je, inagawanyika kwa 2? Mwisho wake ni 7. Basi, hapana.

Je, kwa 5? Mwisho wake si 0 wala 5. Hapana.

Je, kwa 3? Tujumlishe tarakimu zake: 4 + 2 + 9 + 4 + 9 + 6 + 7 + 2 + 9 + 7 = 59. Namba 59 haigawanyiki kwa 3. Basi, hata namba yetu haigawanyiki kwa 3.

Je, kwa 7? Hapa inafaa kugawanya kabisa. Tunapata 613.566.756, na inabaki 5. Hapana.

Je, kwa 13? Tunapata 330.382.099, na inabaki 10. Hapana.

Je, kwa 17? Inabaki 2. Hapana.

Mmeona? Kila tunapojaribu, namba inakataa. Mtu akichoka hapa atasema: «Kweli, bwana hakimu alisema haki. Ni tasa.» Na ndivyo namba inavyodanganya. Haisemi uongo, inangoja tu mtu achoke.

5. Euler hakuchoka

Katika mwaka wa 1707 mtoto mmoja alizaliwa katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Jina lake Leonhard Euler. Alipokuwa kijana wa miaka 20 alikwenda mbali sana, mpaka mji wa Saint Petersburg katika Urusi, kufanya kazi katika nyumba ya elimu iliyoanzishwa huko.

Mwezi wa Desemba wa mwaka wa 1729 rafiki yake Goldbach alimwandikia barua. Chini ya barua aliongeza ulizo hili: je, Euler anajua neno la Fermat, kwamba namba zile zote ni tasa? Mwanzoni Euler hakulijali sana. Halafu ulizo lile lilimwingia. Hakutaka kusema «ndiyo» kwa sababu Fermat alikuwa mtu mkubwa. Hakutaka kusema «hapana» kwa kujisifu. Alitaka kuona.

Katika mwaka wa 1732 alitoa jibu: namba 4.294.967.297 si tasa. Inagawanyika kwa 641.

Aliipataje 641? Baadaye Euler mwenyewe alieleza njia yake. Hakugawanya ovyo. Alionyesha kwamba namba tasa yo yote inayoweza kugawanya namba yetu ni lazima iwe na alama moja: ukiitoa 1, ile inayosalia inagawanyika kwa 64. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kujaribu 7, wala 13, wala 19. Zile hazina alama. Ni kama mtu anayetafuta mbuzi wake aliyetiwa alama sikioni: hashiki mbuzi wote wa soko, anatazama masikio tu.

Tazama namba zenye alama hiyo. Ya kwanza ni 65, maana 64 na 1 ni 65. Kisha tunaongeza 64 kila mara:

65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641

Kati ya hizo, nyingine si tasa. 65 ni 5 × 13. 129 ni 3 × 43. 321 ni 3 × 107. 385 ni 5 × 77. 513 ni 3 × 171. Zote hizo tunaziacha. Zinabaki tano tu za kujaribu:

193: inabaki 109
257: inabaki 2
449: inabaki 325
577: inabaki 288
641: haibaki kitu!

Kugawanya mara tano tu, na kosa la miaka 92 limeonekana.

6. Tugawanye wenyewe

Usiniamini mimi, wala usimwamini Euler. Chukua kalamu na karatasi, tugawanye pamoja.

Tunaanza na 4294. Kwa 641 inaingia mara 6. 6 × 641 = 3846. Inabaki 448.

Tunashusha 9: 4489. Inaingia mara 7. 7 × 641 = 4487. Inabaki 2.

Tunashusha 6: 26. Inaingia mara 0.

Tunashusha 7: 267. Inaingia mara 0.

Tunashusha 2: 2672. Inaingia mara 4. 4 × 641 = 2564. Inabaki 108.

Tunashusha 9: 1089. Inaingia mara 1. Inabaki 448.

Tunashusha 7: 4487. Inaingia mara 7. 7 × 641 = 4487. Inabaki 0.

Jibu ni 6.700.417. Sasa tuhakikishe kwa kuzidisha:

6.700.417 × 600 = 4.020.250.200
6.700.417 × 40 = 268.016.680
6.700.417 × 1 = 6.700.417
Jumla: 4.294.967.297

Ni yenyewe! Namba 641 ni tasa, na 6.700.417 nayo ni tasa. Basi, matofali ya namba yetu ni mawili tu. Mtu akiwa na maharagi 4.294.967.297 anaweza kuyapanga kwa mistari 641, na kila mstari utakuwa na maharagi 6.700.417. Ukiacha mstari mmoja mrefu, hakuna namna nyingine, isipokuwa kuigeuza hiyo hiyo.

Sasa fikirini neno hili. Tuseme Fermat hakuijua njia fupi. Tuseme angegawanya kwa namba tasa zote kwa utaratibu: 2, 3, 5, 7, 11, na kuendelea. Namba 641 ni tasa ya ngapi? Ni ya 116. Basi angalifika baada ya kugawanya mara 116. Katika kalasi ya watoto 58, kila mtoto akigawanya mara mbili tu, wangalimaliza kazi kwa asubuhi moja. Jambo ambalo mtu mkubwa hakulipata, kalasi ya watoto wenye utaratibu wangalilipata. Lakini hapana budi kila mtoto afanye sehemu yake vizuri. Kama yule aliyepewa 641 akikosa kutoa, au akitazama karatasi ya mwenzake, ukweli unapita mbele ya macho yao na hakuna anayeuona.

7. Mtoto wa miaka minane

Habari haijaisha. Katika mwaka wa 1804, katika jimbo la Vermont huko Marekani, alizaliwa mtoto jina lake Zerah Colburn. Baba yake hakuwa tajiri. Mtoto alipokuwa bado mdogo sana, baba yake alimsikia akitaja majibu ya kuzidisha peke yake, naye alikuwa hajafundishwa. Baba alishangaa. Akamchukua akazunguka naye katika miji, watu wakalipa fedha wapate kumsikia akihesabu bila kalamu wala karatasi.

Katika mwaka wa 1812 walivuka bahari wakafika London. Mtoto alikuwa na miaka 8. Wenye elimu walimjaribu kwa maulizo mengi. Mmoja alimpa namba yetu: 4.294.967.297. Mtoto alifikiri, kisha akajibu kwamba inatoka katika 641 kuzidisha 6.700.417. Alipata jibu kwa kichwa tu!

Watu walistaajabu. Lakini mjue na mwisho wa habari hii. Kwa sababu ya safari hizo zote, Zerah alikosa kusoma kwa utaratibu kama watoto wengine. Alipokuwa mkubwa, uwezo ule wa ajabu ulipungua. Akawa mhubiri na mwalimu wa lugha, na akafa katika mwaka wa 1839, hajafikisha miaka 35. Akili ya kuzaliwa nayo ni kama mbegu nzuri: isipopandwa na kupaliliwa, haizai inavyopasa.

Kwa Euler mambo yalikuwa mengine. Alifanya kazi maisha yake yote. Katika uzee wake, baada ya mwaka wa 1766, macho yake yalipofuka karibu kabisa. Je, aliacha hesabu? Hapana. Alihesabu kwa kichwa, na wengine wakaandika alivyosema. Aliendelea hivyo mpaka kufa kwake katika mwaka wa 1783.

8. Namba yetu na ndugu zake

Namba yetu haikukubali kuwa tasa, lakini ina tabia nyingine nzuri. Tazama:

3 × 5 = 15, nayo ni 17 kutoa 2
15 × 17 = 255, nayo ni 257 kutoa 2
255 × 257 = 65.535, nayo ni 65.537 kutoa 2
65.535 × 65.537 = 4.294.967.295, nayo ni namba yetu kutoa 2

Basi, ukizidisha pamoja ndugu zake wote watano, yaani 3, 5, 17, 257 na 65.537, unapata namba yetu, isipokuwa inapungua 2. Ndiyo sababu ukiigawanya kwa 3 inabaki 2. Ukiigawanya kwa 5 inabaki 2. Kwa 17 inabaki 2. Kwa 257, hata kwa 65.537, kila mara inabaki 2. Ndugu hawa hawawezi kugawanyana kamwe.

Ndugu wale watano wadogo nao walipata sifa. Katika mwaka wa 1796 kijana mmoja wa Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, mtoto wa mfanya kazi maskini, alionyesha kwamba mtu akiwa na rula na kompasi tu anaweza kuchora umbo lenye pembe 17 zilizo sawa, na mbavu 17 zilizo sawa. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili hakuna aliyejua. Gauss alikuwa hajatimiza miaka 19.

Na ndugu mkubwa anayefuata? Tukipanda hatua moja tena, tunapata 18.446.744.073.709.551.617. Katika mwaka wa 1880 Mfaransa mmoja, jina lake Landry, alionyesha kwamba nayo si tasa, kwa maana inagawanyika kwa 274.177. Landry alikuwa mzee wa miaka 82. Zerah alikuwa na miaka 8, Landry 82. Basi kwa kutafuta ukweli hakuna aliye mdogo mno, wala aliye mzee mno.

Siku hizi kuna mashine za kuhesabu ambazo zingeigawanya namba yetu kabla hujafumba jicho. Kwa mashine hizo watu wamejaribu namba nyingine nyingi za ngazi ile. Zile zote ambazo habari yake imejulikana, kuanzia ya sita, hakuna hata moja iliyo tasa. Fermat alidhani zote ni tasa. Mpaka leo zimeonekana tano tu. Je, mbele zaidi iko nyingine? Hakuna mtu aliyethibitisha kwamba iko, wala kwamba haiko. Kazi hiyo bado inamngoja mtu.

9. Fundisho

Fermat alikosa. Je, alikuwa mjinga? Hapana. Hata leo wenye elimu wanamheshimu, na namba zile zinaitwa kwa jina lake. Aliuliza ulizo zuri, na alikiri kwamba hana uthibitisho. Kosa lake lilikuwa moja: aliona tano, akaamini zote.

Nanyi, watoto, mtaambiwa mambo mengi maishani. Mtu atakuuzia kitu sokoni na kukutajia jumla ya bei. Karani atakuandikia franka ulizolipa. Rafiki atakuambia: «Jibu ni hili, andika tu.» Usimdharau mtu, wala usimwite mwongo. Lakini chukua kalamu, uhesabu. Ukweli haukasiriki ukijaribiwa. Na ukiona umekosa wewe mwenyewe, usione haya. Futa, uanze tena. Wazee wanasema: Kuuliza si ujinga. Tuongeze: na kuhakikisha si utovu wa heshima.

Maneno ya kujua

Namba tasa: namba isiyogawanyika isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe.
Miliari: milioni elfu moja.
Tarakimu: alama moja ya kuandikia namba, toka 0 mpaka 9.
Uthibitisho: maneno yanayoonyesha wazi kwamba jambo ni kweli, bila shaka yo yote.

Maulizo

1. Kwa nini maharagi 13 hayakubali kupangwa kwa mistari mingi iliyo sawa?
2. Fermat alikuwa na kazi gani katika mji wa Toulouse?
3. Fermat aliamini nini katika mwaka wa 1640? Kwa nini aliamini?
4. Nani aliyemwuliza Euler habari ya namba hizi? Euler alitoa jibu mwaka gani?
5. Namba tasa inayogawanya namba yetu ina alama gani?
6. Eleza maisha ya Zerah Colburn kwa sentensi tano.
7. Je, umepata kuamini jambo kwa haraka, kisha ukaona si kweli? Simulia.

Mazoezi

1. Katika namba hizi, zipi ni tasa? 51, 53, 57, 59, 87, 97.
2. Andika namba hizi kwa kuzidisha namba tasa tu: 18, 42, 77, 91, 120.
3. Gawanya 4.294.967.297 kwa 11. Je, inabaki kitu?
4. Gawanya 4.294.967.297 kwa 193, kisha kwa 449. Angalia kama unapata mabaki yaliyoandikwa katika somo.
5. Onyesha kwamba 641 ni sawa na 5 × 5 × 5 × 5 + 2 × 2 × 2 × 2, na tena ni sawa na 5 × 128 + 1.
6. Kazi ya kalasi nzima: gawanyeni namba tasa zote toka 2 mpaka 97 kati yenu. Ziko 25. Kila mtoto achukue yake, agawanye namba yetu kwa hiyo, aandike baki ubaoni. Hakuna hata moja itakayotoa 0. Mtoto akipata 0, mwenzake amsaidie kutazama tena kwa upole, mpaka kosa lionekane.